Vitunguu vya Paa Havishukuriwi

Öland, 4 Septemba 1988

Berit mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kisiwani, kwako na kwa Rune. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na masikio ambayo hayajarudi kutoka huko yalikokwenda. Ndiyo maana sipigi simu. Juzi jirani yangu Sixten alinipigia kuuliza kama nina mayai ya ziada, nikamjibu kwamba mazishi yalikuwa mazuri na watu walikuwa wengi. Viazi vimetoka vidogo mwaka huu kwa sababu kiangazi kilikuwa kikavu. Kaburi la baba yako nimelipalilia. Kaka yangu Einar hana malalamiko, na hata alipokuwa hai hakuwa nayo.

Nasikia mmehamia ghorofa ya tatu na kwamba kuna roshani. Roshani isiyoota kitu ni rafu tu ya kuwekea baridi. Kwa hiyo ndani ya boksi hili, katika gazeti, utakuta watoto wa vitunguu vya paa. Unavijua, ni vile vilivyo juu ya ghala langu la viazi, vyenye majani manene yaliyopangana kama waridi. Kwa nini wazee waliviita vitunguu sijui, maana havina undugu na kitunguu, na Rune alipouliza siku ya harusi yenu kama vinakaangwa kwa siagi nilinyamaza kwa heshima yako. Bibi yangu alivipanda pale ili radi isipige nyumba. Radi haijapiga. Ya Sixten nayo haijapigwa, na hana hata kimoja, lakini hilo tusimwambie.

Sasa sikiliza. Chukua chombo chochote chenye matundu chini. Tia changarawe nyingi na udongo kidogo, tena udongo maskini, ule ambao hakuna mtu angeutamani. Viweke nje, juani. Maji usivipe, labda kiangazi kikauke kabisa. Baridi ikija viache hukohuko nje, theluji ivifunike. Vitajikunja, vitageuka rangi ya kutu, utasema vimekufa. Havijafa, vinangoja. Anayeua mmea huu huwa anauua kwa maji na huruma. Kwa hiyo usivihurumie.

Jambo la pili unalijua tangu utoto, ila huko kaskazini kwenu watu husahau. Mmea wa kupewa haushukuriwi. Usiniandikie asante, wala usizungukezunguke kutafuta neno la jirani yake. Mama yako, Mungu amrehemu, aliwahi kunishukuru waziwazi kwa kitawi cha waridi, na kufika Krismasi kitawi kilikuwa kuni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimea nayo ni vilevile.

Majani ya miti yakishapukutika nitapanda juu ya ghala kuyaondoa, yasije yakaozesha vilivyobaki. Kitanda cha chumba cha juu nimekitandika. Nakwambia hivyo kwa sababu mashuka yalihitaji hewa, si kwa sababu nyingine yoyote.

Shangazi yako,
Hildur


Kiruna, 25 Septemba 1988

Shikamoo Shangazi,

Natumai goti limetulia na Sixten amepata mayai yake. Huku theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo. Kazini kwa daktari wa meno mambo ni yaleyale, watu wanafungua midomo nasi tunatazama. Rune ana kazi nyingi mgodini, haonekani sana nyumbani. Anakusalimu.

Boksi limefika. Kwa kuwa umenikataza, nasema hivi tu: limefika, nimelifungua, nikakaa sakafuni jikoni na kulinusa gazeti. Lilinuka ghala lako, lile vumbi la mawe ya chokaa na viazi vya mwaka jana. Nimekomea hapo.

Nimevipanda katika bati la kuokea samaki ambalo lilikuwa la Rune. Nimelitoboa kwa msumari na nyundo mpaka jirani wa chini akagonga dari. Niliposhuka ili nimwombe radhi hakufungua mlango, kwa hiyo bado sijamjua uso. Bati liko roshani, upande wa kusini. Jioni nikirudi naenda kuvitazama kabla sijavua koti.

Kuhusu chumba cha juu, Krismasi naona haitawezekana. Labda kiangazi. Tutaona.

Berit wako


Kiruna, 6 Desemba 1988

Shikamoo Shangazi,

Niliandika Septemba, nikaandika tena kadi mwezi wa kumi, na hujajibu. Si kawaida yako. Hata uliponinunia mwaka ule kwa sababu ya mazulia ulininunia kwa barua. Natumai u mzima. Natumai ni posta tu.

Huku jua limebakiza siku chache kisha litaaga mpaka Januari. Taa zinawaka mchana kutwa. Jana ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na usinikasirikie, nimeliingiza bati ndani. Najua ulichosema. Lakini nilitoka roshani na kuviona vimejikunja vile, vidogo, peke yao gizani na ukuta wote umeota barafu, moyo ukanishinda. Sasa viko dirishani jikoni, juu ya hita. Nimevipa maji ya vuguvugu, kidogo tu, kwa kijiko. Vimeshafungua majani, Shangazi. Ukiviona utadhani vimecheka.

Nami nazungumza navyo wakati wa kahawa. Usimwambie mtu.

Niandikie hata mstari mmoja.

Berit wako


19 Desemba 1988

Berit mwanangu,

Marahaba. Mwandiko usikushangaze, kalamu ni mbovu na meza ni fupi. Mimi mzima kabisa. Sikuandika kwa sababu kulikuwa na mambo. Sasa hakuna.

Sixten anakusalimu, amenunua trekta jingine bovu la kuongeza kwenye yale mengine mabovu. Krismasi hii watu wengi wataimba na mimi nitajifanya sisikii, jambo ambalo halitanipa shida. Chakula cha mchana kinaletwa saa tano na nusu, saa ambayo hata kuku hana njaa, na jana walileta madonge ya viazi yasiyo na chumvi, nyama ndani ukiitafuta kama sindano. Wangemwonyesha mama yangu madonge yale angeita polisi.

Bati litoe nje leo. Leo hiihii, usingoje kesho. Hayo majani yaliyofunguka si kicheko, yanatafuta mwanga ambao hapo kwenu haupo. Ukiulisha mmea maji na joto katikati ya giza, unaufanya uamke saa mbaya. Utarefuka shingo, utapauka, kisha utaoza kuanzia chini. Nilikwambia usivihurumie. Baridi haiviui hivi. Vimekaa juu ya ghala langu tangu kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kuvifungia dirisha.

Hapa kwenye ghala theluji imelala nyembamba, na vile vikubwa vya upande wa bahari vimetokeza vichwa. Navitazama kila asubuhi nikinywa kahawa.

Rune hajaniletea salamu safari hii.

Hildur


Kiruna, 15 Januari 1989

Shikamoo Shangazi,

Mwaka mpya uwe mwema kwako. Jua limerudi wiki hii. Kazini tulisimama wote dirishani kulitazama, hata mgonjwa aliyekuwa na ganzi mdomoni.

Nani anakuletea chakula saa tano na nusu? Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila nikifika hapo nakwama. Wewe ambaye hukubali mtu akukatie hata mkate. Na kwa nini umeandika tarehe bila kuandika mahali?

Vitunguu vinaendelea vizuri sana. Vimenenepa. Kimoja, kile kikubwa cha katikati, kimetoa shina na naona kinajiandaa kuchanua. Nimeona nikwambie ili ufurahi.

Rune anakusalimu sana. Ameenda kuteleza kwenye theluji na wenzake.

Berit wako


20 Februari 1989

Berit mwanangu,

Salamu zimefika, na za Rune pia, ingawa nimeanza kujiuliza anazitolea wapi.

Mimi mzima. Kuna mwanamke hapa jirani anayefuma soksi moja tu, akimaliza anaifumua. Nimemwuliza kwa nini hafumi ya pili, akasema miguu yake mingine iko nyumbani. Ndiyo watu ninaoongea nao.

Sasa kuhusu kitunguu chako kinachochanua Januari, jikoni Kiruna, mtoto ambaye nilimtoa kwa mama yake Septemba. Mwanangu, huo si mmea, huo ni muujiza, tuupeleke kwa askofu. Kitunguu cha paa hukaa miaka kabla ya kuchanua, na huchanua katikati ya kiangazi, jua likimwagika usiku na mchana. Kisha kile kilichochanua hufa, na watoto waliokizunguka wanajaza nafasi. Unalijua hilo. Ulikuwa na miaka saba ulipolia juu ya ghala langu kwa ajili ya kimoja, baba yako akakushusha amekubeba begani.

Njia ya mwongo ni fupi. Lakini sikuulizi kitu. Nilikuwa na shangazi aliyeuliza kila kitu na hakuna aliyempenda.

Ningekutumia vingine. Kwa sasa haiwezekani.

Hildur

Kahawa ya hapa ni maji yaliyosimuliwa habari za kahawa.


Kiruna, 10 Machi 1989

Shikamoo Shangazi,

Sitaanza na hali ya hewa leo.

Vimekufa. Vilirefuka shingo kama ulivyosema, vikapauka, nikaviongezea maji, na kabla ya Krismasi vilikuwa uji. Barua yako ilipofika hakukuwa na cha kutoa nje. Kitunguu kinachochanua nilikibuni, na nilipokuwa nakibuni nilikiona kabisa mbele ya macho, rangi yake ya waridi, nikafurahi kama mjinga.

Rune aliondoka Agosti. Boksi lako lilipofika, roshani ilikuwa yangu peke yangu, na meza, na kitanda, na jioni zote. Yuko kwa mwanamke mmoja mjini hapahapa, tunapishana dukani na kusalimiana juu ya viazi. Sikukwambia kwa sababu kila nilipokuandikia «anakusalimu» nilikuwa na nyumba yenye watu wawili mpaka mwisho wa mstari. Basi nikarudi kutoka kazini, hakuna anayehitaji chakula, hakuna anayehitaji chochote, na pale dirishani kuna vitu vidogo vinavyoonekana vina kiu. Ningefanya nini? Nilivipa maji.

Juzi nikapata akili ya kitoto. Nikampigia simu Sixten ili anitumie vingine kwa siri, usijue. Nikamwambia, «Panda juu ya ghala Shangazi akiwa kanisani.»

Akasema, «Kanisani? Hildur hayupo. Mbona hayupo tangu Oktoba!»

«Yuko wapi?»

«Kwani hujaambiwa? Lo! Basi mimi sijasema kitu.»

Kisha akasema kila kitu, unamjua. Kwamba ulianguka kutoka juu ya ghala. Kwamba nyumba imeuzwa. Kwamba wanunuzi wanataka kulibomoa ghala baada ya Pentekoste ili wajenge banda la gari, na vitunguu vitakwenda na kifusi.

Shangazi, kila asubuhi ulikuwa unavitazama ukinywa kahawa. Uliniandikia hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ulikuwa ukituambia sisi watoto tulipoficha vidonda vya magoti.

Uko wapi hasa? Niandikie mahali.

Berit


Borgholm, nyumba ya wazee, 22 Machi 1989

Berit mwanangu,

Haya, mahali nimepaandika. Umeridhika?

Sixten nimemnunia. Alikuja Jumapili na keki, nikaila keki nikaendelea kununa.

Nilianguka siku moja ya Oktoba, kiza bado hakijaingia, nikiwa na reki mkononi. Nilikuwa nimemaliza, nimeshuka ngazi nusu, nikaona jani moja limebaki. Moja! Nikarudi. Nyonga ndiyo iliyovunjika. Nililala kwenye majani mpaka Sixten alipoona moshi hautoki kwangu. Wakati ule nilikuwa natazama vitunguu kutoka chini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nikaona kwamba vinaning'inia ukingoni na kuwashusha watoto wao kwa nyuzi kama ndoo kisimani. Ukweli ni kwamba sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba hakuna anayenitarajia mahali popote jioni ile.

Ngazi za nyumbani siziwezi tena. Nyumba nimeiuza mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, kwa hiyo usimlaumu mtu. Wanunuzi ni wa Stockholm, watu wazuri, wana meno mengi. Nilipowaambia juu ya paa la ghala kuna mimea ya tangu enzi za bibi yangu wakasema, «Ooh, vizuri,» na nikajua wamesikia hali ya hewa.

Dirisha langu linatazama maegesho ya magari. Ndiyo, nilikudanganya kuhusu asubuhi. Lakini nikifumba macho ninaviona kila kimoja, na nilipokuwa nakuandikia nilikuwa nimefumba.

Habari za Rune nilizijua tangu uliponiambia kwamba bati «lilikuwa» lake. Mtu haandiki hivyo juu ya mume aliye kazini. Pole, mwanangu. Pole sana. Sikuwa na hamu ya kusema zaidi kwa sababu na mimi nilikuwa na langu la kuficha, tungefichuana.

Usije. Njia ni ndefu, treni mchana na usiku na basi juu yake, kwa ajili ya mama kizee na mawe. Sitaki kuhurumiwa. Huruma na maji ya vuguvugu umeona vinavyofanya.

Kama kwa bahati mtu angepita huko kabla ya Pentekoste, achukue kisu cha mkate, si jembe. Asiguse vile vikubwa vilivyotoa shina katikati, hivyo mwaka huu ndio wa mwisho kwao. Achukue vya ukubwa wa yai, vya upande wa bahari, vina nguvu kwa sababu vimepigwa na upepo. Akate uzi karibu na mama, avilaze kwenye gazeti kavu, wala asivioshe. Na ngazi ya Sixten ina kipago kilichooza cha pili kutoka juu.

Lakini usije.

Hildur


Kiruna, 10 Aprili 1989

Shangazi,

Sikukuu ya Kupaa niko likizo. Nakuja. Siji kukuhurumia, nakuja kuchukua mimea yangu. Usijibu hii, maana utakataa, nami sitaisoma.

Berit


Kiruna, 9 Mei 1989

Shikamoo Shangazi,

Nimefika salama. Kwenye treni nililiweka boksi juu ya magoti kuanzia Kalmar, na kila mtu aliyeketi mbele yangu alidhani ni paka. Mwanamke mmoja aliuliza anaitwa nani. Nikasema Hildur.

Huku theluji bado imekaa kwenye vivuli. Bati liko nje. Nimejaza changarawe niliyookota kando ya reli, na udongo maskini mpaka wa kusikitisha. Jioni ya kwanza nilisimama roshani na birika mkononi. Nilisimama muda. Kisha nikaingia nikajitengenezea chai.

Kuna mambo sikukwambia Alhamisi, kwa sababu uliponiona mlangoni ulisema, «Umekonda, funga mlango, baridi,» na baada ya hapo hakukuwa na nafasi ya kulia. Jumatano kabla sijaja kwako nilipanda kwenye ghala. Sixten alishika ngazi, nikaruka kipago cha pili. Juu kule upepo ulinivua kitambaa kichwani. Nilikata kwa kisu cha mkate kama ulivyosema, na nilipofika ukingoni nikakuta kinga yako ya mkono, ile ya kahawia, imelowa na kukauka na kulowa tangu Oktoba. Ilikuwa imebaki na umbo la vidole. Nikakaa chini palepale, nikalia mpaka Sixten akaita, «Uko hai huko? Maana ya shangazi yako yanatosha!»

Kinga ninayo mimi. Sikukupa. Nisamehe, niliitaka.

Wanunuzi walikuwepo. Yule mwanamke alitoka na kikombe akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza, nikamkatia kimoja, kidogo. Nilimwambia asishukuru. Alishukuru mara tatu. Nilitaka kumzuia, lakini anatabasamu haraka kuliko mtu anavyoweza kusema. Kwa hiyo sidhani kama nyumba ile itakuwa na kinga ya radi.

Ulipolala baada ya madonge ya Sixten, yale yenye chumvi, nilibaki kwenye kiti nikikutazama. Ulikuwa umeshika ukingo wa shuka kama mtu anayeshika ngazi. Muuguzi akaja kuniambia basi linaondoka, nami sikukuamsha. Sijui kama nilifanya vyema. Njia nzima nimejiuliza.

Kuhusu kiangazi, sitaandika «tutaona». Nimeshaomba ruhusa kazini.

Mwanao,
Berit


Borgholm, 21 Mei 1989

Berit mwanangu,

Marahaba, na salamu kutoka kwa wote unaowakumbuka hapa, yaani yule wa soksi. Aliuliza yule msichana mwenye boksi atarudi lini. Una miaka arobaini na mbili, nikamwambia ndiyo, msichana atarudi.

Ghala wamelibomoa jana. Sixten alikwenda kutazama, akaja kunisimulia kwa sauti kubwa mpaka korido nzima ikajua. Mawe walisema yamejengwa vizuri, yaliwasumbua asubuhi yote. Nilifurahi kusikia hivyo. Kisha alipoondoka sikufurahi tena, nikageukia ukuta.

Sinia la vitunguu uliloniwekea nje ya dirisha, kwenye ukingo, liko palepale. Siku tatu baada ya wewe kuondoka muuguzi Majken akaja na kibirika, ana roho nzuri yule mtoto, akafungua dirisha ili avimwagilie. Nilimpigia kelele mpaka mzee wa chumba cha pili akatoka na viatu mkononi akidhani ni moto. Sasa wameandika kibao wakakibandika kwenye kioo: HAVIMWAGILIWI, HILDUR AMEKATAZA. Vimekaa na maegesho ya magari nyuma yao, na wala havijali. Kimoja kimeshatoa uzi. Mtoto ananing'inia nje ya ukingo, juu ya gari la daktari.

Sikuwa nimelala. Nakwambia leo kwa sababu wewe umesema la kinga. Nilisikia muuguzi alivyosema basi linaondoka, hata mimi na masikio yangu haya. Nilifumba macho kwa sababu ningeyafungua ningekuomba ubaki, na wewe ungebaki, na basi lingeondoka, na kesho yake tungekuwa palepale. Nilikusikia ukinyanyuka. Ulinipangia mto. Mlango uliufunga polepole sana, na mimi nikahesabu hatua mpaka zikaisha.

Kiti ulichokalia bado kipo upande huu wa kitanda. Kwa kawaida hukaa pale mlangoni. Kila asubuhi Majken anataka kukirudisha na kila asubuhi namwambia kuna mgeni.

Kinga ibaki kwako. Lakini usiivae, imetoboka kidole gumba.

Na sasa hili. Sinia umenipa wewe, na ni mmea, kwa hiyo kwa sinia sisemi kitu, na sitasema hata nikiwa nakata roho. Mila ni mila. Ila nimelifikiria jambo hili wiki mbili, nikitazama magari. Alhamisi ile haikuwa mmea. Haina mizizi, haiwezi kuoza, na hakuna neno litakaloiua, imeshakuwa.

Kwa hiyo kwa Alhamisi, Berit. Asante.

Shangazi yako,
Hildur